UZI: Alikuja mara nne na mimi nikampea panadol mara tatu (vijana wa Mau, ni ndefu kaeni na chai)

nesi_wa_juu:
Wadau habari zenu. Mi ni nesi, niko zahanati moja ndogo huku juu ya Njoro tukipakana na msitu wa Mau, tuko wawili tu na mtu wa maabara ambaye anakujanga Jumanne na Alhamisi kama barabara haijakatika. Nimesoma nyuzi za hapa miaka mob bila kuandika kitu lakini leo shifti imetulia na kuna jambo limenikalia rohoni tangu Agosti, so mnivumilie.

Wagonjwa wangu wengi ni Waogiek. Kwa wenye hawajui, hawa ndio wenyewe wa huu msitu, watu wa asali na mizinga, sensa ya 2019 iliwahesabu 52,000 na kitu hivi nchi nzima. Wengi wenu mnawajua kwa lile jina la Dorobo, ambalo limetoka kwa Kimaasai na maana yake ni kama maskini asiye na ng'ombe, na tafadhali msiliandike kwa huu uzi mtaona kwa nini.

Sasa, huku mgonjwa anakujanga na kitabu yake mwenyewe, ile eksasaizi ya kawaida, sisi tunaandika ndani. Kuna msichana wa 15 (nimebadilisha vitu kadhaa ndio asijulikane) alikuja Agosti analia kichwa. Nikafungua kitabu nitafute pahali pa kuandika nikaona mistari mitatu juu, kichwa na tumbo, panadol. Kichwa, panadol. Kichwa, halali vizuri, panadol. Zote mwandiko wangu. Hapo kwa "halali vizuri" nilikuwa nimeandika na nikaendelea na maisha, foleni ilikuwa ndefu siku hiyo nakumbuka, ilikuwa siku ya chanjo.

Nikamuuliza, wiki hii umelala aje? Akaangalia mlango. Nje hapo kwa benchi kuna akina mama wa kliniki na mmoja ni shangazi yake, na ukuta wetu ni mbao tupu, ukikohoa ndani wanakujibu pole wakiwa nje. Nikamwambia twende unisaidie kitu. Nikampeleka ile stoo ya chanjo, friji yetu inanguruma kama posho mill, nikamwambia soma hiyo themometa uniandikie kwa chati. Inafaa iwe kati ya 2 na 8, tunaandika mara mbili kwa siku. Akasoma 5. Akaandika 5 vizuri sana na kalamu yangu, halafu akabaki ameangalia hiyo chati, na akaanza kuongea bila kugeuka.

Sitaandika yote. Kogo yake, yaani nyanya, ndiye alimlea na alikufa mwaka jana. Nyumbani walihamishwa, saa hii wanaishi kwa watu. Shuleni wanamuita hilo jina nimesema msiandike. Na hajui kama dunia inamhitaji. Hapo ndio nikamuuliza moja kwa moja, umewahi kufikiria kujiua? Nilikuwa naogopa kuuliza, sitadanganya, lakini tulifundishwa na ni kweli, kumuuliza mtu hakumwekei hiyo wazo kichwani, kama iko iko. Akasema:

"Ndio. Lakini sio ya leo."

Nilisikia miguu yangu.

Kabla hajaendelea nilikuwa nimeshamwambia kwamba yenye tunaongea ni yetu, ila kama ni kitu inaweza kumuua au kuna mtu anamuumiza nitalazimika kuhusisha mtu mzima mwingine, na yeye atachagua nani. Hii semeni MWANZO wale mko kwa hii kazi, ukisema baadaye umemsaliti. Akachagua mjomba, ndugu ya mamake, sio shangazi. Tukachukua hicho kitabu nyuma kabisa tukaandika na mwandiko WAKE: nikianza kuwa vibaya najuaje (anaacha kula, anakaa nyuma ya nyumba), nafanya nini kwanza, naenda kwa nani, napigia nani. Mjomba nikamwambia dawa zote za shamba zitoke kwa ile nyumba, zifungiwe mbali na ufunguo akae nao yeye. Hiyo ya dawa za shamba mnaidharau lakini inaokoa watu kuliko hotuba yoyote, mtu akipita ile saa moja mbaya wengi hawarudi hapo tena. Halafu nikapigia mwenzangu nesi wa akili mjini tukapanga amuone, na mi mwenyewe nikawa namuona kila Ijumaa.

Sasa sehemu ya pili ndio ilinifanya niandike. Kabla ya hayo yote nilikuwa nimeenda semina ya siku mbili tukafundishwa ustahimilivu wa vijana, nikarudi na chati zangu nikaenda junia sekondari ya hapa karibu nikaanza somo. Kupumua pole pole, kufikiria mazuri, usikate tamaa. Kijana mmoja wa gredi 8 akainua mkono, mpole tu, akaniambia "daktari, si kustahimili ndio tumekuwa tukifanya?" Darasa halikucheka. Mwalimu akamwambia akae chini na mimi nikaendelea na chati ya pili kama sijasikia. Wueh.

Hilo swali ndilo lilinipeleka kusoma. Kuna nesi Mmaori wa New Zealand aliitwa Irihapeti Ramsden, ndiye alileta ile fikra ya usalama wa kitamaduni kwa unesi, na 1992 baraza la wauguzi la huko likaifanya iwe lazima kwa mafunzo. Watu hudhani ni kujifunza ngoma na vyakula vya wengine. Hapana, alisema nesi ajiangalie YEYE kwanza, nguvu yake, dharau yake, na mwenye kuamua kama huduma ilikuwa salama ni mgonjwa sio nesi. Nikajiuliza yule msichana angenipea ngapi kwa zile mara tatu za kwanza. Halafu kuna Mason Durie, daktari wa akili Mmaori pia, 1984 alieleza afya kama nyumba ya kuta nne: mwili, akili, roho na jamaa. Ukuta mmoja ukianguka nyumba haisimami. Mimi kwa semina nilikuwa nimepewa ukuta moja tu, nusu yake.

Na Kanada kuna watafiti wawili, Chandler na Lalonde, 1998 waliangalia jamii za wenyeji asili za British Columbia. Watu walikuwa wanasema vijana wa wenyeji asili hujiua sana, basi. Wao wakakuta sio wote, jamii zaidi ya nusu hazikuwa na kijana hata mmoja aliyejiua kwa ile miaka waliangalia, na zingine hali ilikuwa mbaya sana. Tofauti? Zile zilikuwa zinajisimamia, shule yao, kliniki yao, zinapigania ardhi yao, zina pahali pa mila zao, ndizo vijana wao walikuwa salama zaidi. Baadaye 2007 wakaangalia lugha, pahali wengi bado wanaongea lugha yao vifo vilikuwa chache.

Nikaacha chati. Kuna mzee huku anachonga mizinga, nikamuomba Jumamosi mbili kwa mwezi akae na hao vijana, na mimi nakaa hapo kando nikijifanya napima presha ya wazee. Mzinga ni gogo la mtarakwa limepasuliwa katikati, unachimba ndani na tezo mpaka inabaki kama mtumbwi mbili, halafu unaunganisha na kufunga. Inanuka vizuri hadi unasahau kazi. Yule wa gredi 8 alikuja. Siku ya kwanza hakusema kitu, anatoa tu taka za mbao. Siku ya tatu mzee alikuwa anamwonyesha kushika tezo na kijana akasema kwa lugha yao kitu kirefu sana, wazee wakanyamaza, mmoja akamjibu. Mi sikuelewa hata neno. Na nikaona sihitaji kuelewa, ilimradi nilikuwa nimeona anakula na anarudi.

Swali langu kwenu: nani mwingine anafanya kitu kama hii? Na mnaandikanga wapi, maana kwa rejista ya mwezi hakuna safu ya mizinga 😅

MtuWaMolo:
Nimesoma yote na chai imeisha. Heko sista. Lakini niulize bila ubaya, hizi depresheni si ni za watoto wa mjini wako na simu? Sisi tulichapwa, tukatembea kilomita 8 bila viatu na hakuna mtu alituuliza tumelala aje, na tuko hapa.

sista_saiki:
@MtuWaMolo wale hawako hapa hawawezi kukujibu.

MtuWaMolo:
Aii. Sawa hiyo imeingia.

sista_saiki:
Sikutaka kukukata hivo, pole. Mi ni nesi wa akili niko Kisumu, naona hii maneno kila siku. WHO, shirika la afya duniani, inasema kijana mmoja kwa kila 7 wa miaka 10 hadi 19 ako na shida ya akili ya aina fulani, kwa hivyo darasa la 45 hapo una kama sita, na hawajaandikwa kwa paji la uso. Kijana hatakwambia niko na huzuni, atakwambia kichwa, tumbo, moyo unapiga, ama atapigana tu. Huku kwetu wanasema "mawazo mob". Zimbabwe kwa Kishona wana neno lake kabisa, kufungisisa, kufikiria kupita kiasi, na ile kazi ya akina nyanya kukaa kwa benchi wakiongea na watu, daktari wa akili Dixon Chibanda aliianza 2006, ilikubalika na moja ya sababu ni walitumia hilo neno badala ya kuwaambia watu wana ugonjwa wa akili.

@nesi_wa_juu swali la kikazi, ulitumia fomu gani?

nesi_wa_juu:
PHQ-9, ile ya kupima depresheni, maswali 9 kila moja 0 mpaka 3. Lakini sikuanza nayo. Nilimaliza kumsikiliza ndio tukajaza pamoja, na ukweli ni kwamba alipata 13 ambayo ukiangalia karatasi ni ya kati tu. Swali la 9 ndilo la kujiua, hapo aliweka 1. Mtu akiangalia jumla bila kuangalia hiyo moja anamruhusu aende nyumbani na panadol ya nne.

sista_saiki:
HAPO. Kila nesi asome hiyo mara mbili. Swali la 9 ikiwa zaidi ya 0, jumla wachana nayo kwanza, ongea na mtu. Na msikimbilie tembe, kwa vijana maongezi na familia ndio ya kwanza, dawa ni mpaka aonwe na mwenye anajua, na akianzishwa wiki za kwanza aangaliwe karibu sana.

Chepkitale_Boy:
Nimekuwa nikisoma nimenyamaza. Mi ni Ogiek wa upande wa Mlima Elgon, sio Mau, lakini ni sisi kwa sisi. Wakati wa ile vita ya mashamba ya 2006 mpaka 2008 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Hakuna nesi aliniuliza kitu, nilikojoa kitandani mpaka darasa la saba na niliambiwa ni uvivu.

Kwa hivyo nashukuru kwa hii kazi, kweli kabisa. Lakini nina neno. Hii "kujenga moyo wa vijana" inanikeranga. Mahakama ya Afrika pale Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki za Waogiek wa Mau zilivunjwa, 23 Juni 2022 ikaamua fidia, shilingi milioni 57.85 ya mali na milioni 100 ya machungu, pamoja na kurudishiwa ardhi yao. Halafu Novemba 2023 watu wakatolewa Sasimwani upande wa Narok, nyumba zikibomolewa. Sasa mnataka kijana afundishwe kupumua. Apumue aje na nyumba yake iko chini?

nesi_wa_juu:
Ndugu yangu uko sawa na siwezi kukupinga. Huyo kijana wa gredi 8 aliniambia yaleyale kwa maneno sita. Hakuna tembe ya shamba kwa kabati yangu. Kitu naweza sema ni hii tu, yule msichana alikuwa na usiku wa siku hiyo wa kupita, na kesi haikuwa inaisha usiku huo. Mi nafanya ya usiku. Na kwa ripoti zangu siku hizi siandiki tu "huzuni", naandika "amehamishwa, hana makao", maana ikisomwa kaunti isionekane ni kichwa yake ndiyo mbovu.

Chepkitale_Boy:
Hiyo ya ripoti naikubali. Endelea kuandika hivo hivo, siku moja mtu atahitaji hizo karatasi.

mama_wa_tatu:
Mi sina elimu ya hizo vitu lakini kijana wangu wa kwanza aliacha kuoga. Nilimgombeza miezi mitatu. Nimesoma hapa nimelia. Nikienda kituo cha afya nianze kusema nini? Naogopa wataniuliza kama nimelaaniwa, ama polisi.

sista_saiki:
Mama usilie. Sema hivi tu, "mtoto wangu amebadilika, haogi, halali, nataka aangaliwe akili na mwili." Wakikupuuza uliza kama kuna nesi wa akili, hospitali nyingi za kaunti wanao hata kama ni mmoja. Polisi usiogope: Januari 2025 mahakama kuu iliamua kwamba ile sheria ya kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua, kifungu cha 226, inaenda kinyume na katiba. Na usiku ukiwa mrefu piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ama 116 ya watoto, hizo ni za bure.

Na wacha kumgombeza, lakini usijichukie pia. Leo mpelekee maji ya moto tu na uketi hapo nje ya bafu mkiongea mambo ya mpira.

mama_wa_tatu:
Anapenda Gor.

sista_saiki:
Basi nimempenda tayari 😂

Ticha_wa_Gaidansi:
Nimekuja kama mwalimu na ni aibu yangu kusema. Shule nyingi huku mwalimu wa gaidansi ni yule alikosa kwenye mkutano wa staff akachaguliwa. Mi ni mmoja wao. Hilo jina la matusi nimelisikia kwa mstari wa chakula na nikafikiria ni utani wa watoto. Kesho nalimaliza. Lakini nisaidieni, nikimuona mtoto namna hii nimtume kwa nesi aje bila shule nzima kujua?

nesi_wa_juu:
Mwalimu karibu sana, wachache wanasema hivo. Mi na shule ya hapa tulikubaliana hivi: mwalimu anamtuma mtoto aje "achukue dawa ya minyoo ya darasa". Mimi nikiona mtoto mmoja amekuja kuchukua dawa ya darasa najua. Tunaenda stoo, anasoma friji. Hiyo friji imesomwa na watoto wengi mwaka huu mpaka msimamizi wa chanjo alikuja akauliza mbona chati yetu ina miandiko saba.

BodaNjoro:
kwani ulimjibu nini 😂😂

nesi_wa_juu:
Nilimwambia tunafundisha wafanyakazi wa kesho. Akasema digrii zote ziko sawa, akatia sahihi akaenda.

OmenaFry:
Sista hujasema yule msichana ako aje sasa

nesi_wa_juu:
Nilikuwa nimekwepa hiyo kidogo. Hali yake haijanyooka kabisa. Septemba alikosa Ijumaa mbili, mvua ilikuwa imebeba daraja, mi nikatuma mhamasishaji wa afya wa kijiji chao, yule mama ana miguu ya chuma, akamkuta nyuma ya nyumba, ile ile pahali tulikuwa tumeandika kwa kitabu. Huyo mhamasishaji alikuwa ameambiwa hiyo alama kwa ruhusa ya msichana mwenyewe, kwa hivyo hakuuliza maswali, alikaa tu naye wakachambua maharagwe mpaka jioni mjomba akarudi. Jumatatu wakaja naye.

Anaenda kwa mzee wa mizinga pia, ingawa kuna wazee walinung'unika kwamba kuchonga ni ya wavulana. Mzee akawaambia nyanya yake huyu ndiye alikuwa akimuonyesha nyuki wako upande gani.

Ijumaa iliyopita alikuja. Kitabu kimejaa mpaka jalada, nikamwambia anunue kingine. Akasema hapana, akatoa mpya kwa mfuko, alikuwa amekifunika na gazeti, na ukurasa wa nyuma alikuwa ameshanakili yale yote ya kwanza kwa mkono wake, jina la mjomba, namba, yote. Ila kwa "nafanya nini kwanza" alikuwa ameongeza mstari wa kwake, kwa lugha yao. Sijamuuliza maana yake.

Wacha niende, kuna mama wa uchungu ameingia.